Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Kisiwa cha Rukuba kiko katika Ziwa Victoria, upande wa Musoma, ndani ya Kata ya Etaro, na boti yenye injini nzuri hukifikia kutoka mjini kwa muda usiotimia saa moja. Meli za kitalii za baharini, zile zinazotia nanga Unguja asubuhi, zikamwaga abiria Mji Mkongwe na kuwazoa tena kabla ya magharibi, haziji huku wala haziwezi kuja, kwa kuwa ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na mto unaotoka humo kwenda Misri haupitiki kwa meli. Lakini ziara yenyewe ipo, na kwa umbo haitofautiani na ile ya Unguja. Mtalii aliyetoka kuangalia nyumbu Serengeti, katika miezi ile ya Juni hadi Septemba ambayo kwetu ni kiangazi na kwake ni likizo ya majira ya joto, huvushwa asubuhi, akazunguka miamba mikubwa ya matale, akaangalia furukombe na kenge, akavua sangara kwa mchezo, akalikimbia jua la adhuhuri chini ya mti, kisha akarudishwa bara jua lilipopungua makali. Wapo wanaolala, hao siwazungumzii hapa. Swali langu linamhusu yule anayeshuka saa nne na kuondoka saa kumi: je, huyu ni mgeni? Na kama ni mgeni, anadaiwa nini na watu wa kisiwa, nao wanadaiwa nini naye?

Wengi watasema swali lenyewe ni la kupoteza muda. Mtu kalipa, kaona, kaenda zake. Ni mteja, yamekwisha. Lakini katika dini na mila zilizowalea watu wa pwani na wa maziwa, ugeni ni hadhi kabla haujawa biashara. Mgeni ana haki juu ya mwenyeji wake kwa amri ya Mungu, na haki hiyo imewekewa kipimo. Katika hadithi iliyopokewa kwa Abu Shuraih, ambayo Bukhari na Muslim wote wameiweka katika vitabu vyao, Mtume anaagiza mgeni akirimiwe kwa namna ya pekee mchana mmoja na usiku wake, ugeni uwe siku tatu, na kinachozidi hapo kihesabiwe sadaka. Tena anamkataza mgeni asikae mpaka amtie mwenyeji wake dhiki. Wakristo wa mwanzo nao walikuwa na kitabu kidogo cha maagizo kiitwacho Didake, kilichopotea kwa karne nyingi hadi nakala yake ilipoonekana Constantinople mwaka 1873. Humo msafiri anayepita hupokelewa siku mbili, au tatu ikibidi. Akitaka kubaki, na ana ufundi wake, basi afanye kazi ndipo ale. Na sisi tunayo yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huenda methali hii ilichota kwenye ile hadithi. Hata hivyo jembe ni la kwetu. Mapokeo haya yote yamesimama kwenye siku ya tatu, na jambo hilo linastahili kufikiriwa kabla ya kuitwa sadfa.

Aliyelifikiria kwa makini zaidi katika siasa zetu alizaliwa Butiama, upande huu huu wa ziwa. Katika kijitabu chake cha Ujamaa cha Aprili 1962, Nyerere aliitumia methali hiyo kuonyesha kwamba ukarimu wa jamii za zamani haukuwa malisho ya wavivu, kwa sababu kila mtu alikuwa mfanyakazi. Akaongeza jambo ambalo wanaoinukuu methali barabarani hulisahau: kwamba kwa kawaida mgeni mwenyewe ndiye aliyeomba jembe, kabla mwenyeji hajalazimika kumpa, kwa kuwa alijua kinachotarajiwa kwake na angeona haya kukaa bure. Maelezo hayo yanabadilisha maana yote. Jembe linalotolewa na mwenyeji aliyechoka ni njia ya adabu ya kumfukuza mtu. Jembe linaloombwa na mgeni ni njia ya kuingia. Aliyelishika ameacha kuwa mtu wa kuhudumiwa, amekuwa mtu wa kuulizwa: palizi imefika wapi, mbona mstari umepinda, kesho tuanzie upande gani. Anaweza kukosea, akakosolewa. Anaweza kushauri, akasikilizwa. Kwa hiyo hoja yangu ni hii, kwamba siku ya tatu si kipimo cha muda. Ni jina la hali ambayo mgeni anawajibika kwa watu aliowafikia, na mtalii wa kutwa moja amepangiwa safari ambayo, kwa ratiba yake tu, inamwondoa kabla hali hiyo haijamgusa.

Jua la saa saba mchana linalionyesha hilo vizuri kuliko nadharia. Kila anayeshuka Rukuba wakati huo hulilalamikia, kwa sababu miamba hulipokea na kulirudisha usoni, na upepo wa ziwa huwa bado haujaamka. Kwake jua hilo ni adha ya kukimbilia kivulini. Kwa mwanamke aliyenunua ndoo zake za dagaa mwaloni alfajiri, mitumbwi iliporudi na taa zake kutoka usiku wa giza, jua lile lile ni mtaji. Dagaa huanikwa juu ya mchanga, juu ya nyavu chakavu, juu ya mawe, na kwa mwenye uwezo juu ya chanja. Asubuhi bado wana mng'aro wa fedha na wamegandana. Ikikaribia adhuhuri ngozi ya juu imepauka na mikia imeanza kujikunja, ndipo wanapogeuzwa kwa mkono ili upande wa chini nao upate jua. Likiwaka mchana kutwa, jioni wanaingia kwenye gunia. Wingu likikaa, au mvua ikishuka saa nane, wanaharibika au wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Watu wawili, basi, wamesimama ndani ya hari moja, na mmoja anaomba wingu moyoni mwake bila kujua kwamba anamwombea jirani yake hasara. Kutojua si dhambi. Lakini ujinga huo ni wa aina ambayo siku ya tatu ingeuondoa, maana mtu aliyewahi kuinama kugeuza dagaa hata kwa saa moja huanza kutamani hali ya hewa anayoitamani mwenyeji wake. Huo ndio ugeni uliokomaa, na haupatikani kwa kutazama.

Jibu la kwanza dhidi yangu ni la fedha, na si dogo. Mtalii amelipa boti, amelipa mwongozaji, pengine amenunua samaki na vikapu, na katika nchi ambayo utalii ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni, kumdai zaidi ya hapo ni kumtoza mara mbili. Mji wa Venice umelipa jibu hili sura ya sheria. Tangu Aprili 2024 mgeni wa kutwa anayeuingia katika siku zilizotangazwa hutozwa ada, iliyoanzia euro 5, ilhali anayelala katika hoteli za mji hatozwi hiyo. Huyo huchangia kupitia kodi ya malazi. Nadhani Venice imeona sawa kwamba mgeni wa mchana ana deni ambalo mgeni wa usiku hana, kisha ikakosea aina ya deni. Ada ya mlangoni inafidia taka, vyoo na msongamano, na hayo ni ya haki. Ila haimfanyi mtu awajibike kwa yeyote. Kinyume chake, inampa risiti, na mwenye risiti hujiona amemaliza. Fedha ina tabia hiyo ya kufunga hesabu, na ndiyo maana tunaipenda sokoni, ambako muuzaji na mnunuzi hawahitaji kujuana ili watendeane haki. Ugeni wa kwetu hesabu zake huachwa wazi makusudi, ili kuwe na sababu ya kukumbukana.

Hapa mtu aliyesoma historia ya pwani atanisimamisha, aseme kwamba ninautenga ukarimu na biashara kana kwamba mababu zetu walikuwa watawa. Ana haki ya kusema hivyo. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ameeleza jinsi chombo kilivyopokelewa Mogadishu: vijana wa mjini waliendea meli kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara hakushukia kwingine ila nyumbani kwa kijana huyo, isipokuwa kama alikuwa mzoefu mwenye wenyeji wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia, na aliyemlalia mgeni bei, au kumuuzia bila mwenyeji kuwapo, biashara yake ilihesabiwa batili. Hapana shaka kijana yule alipata faida. Lakini tazama utaratibu ulivyopangwa: sahani ilitangulia, mizani ikafuata, na bei yenyewe ilikuwa halali kwa kuwa ilipitia kwa mtu aliyebeba dhamana ya mgeni. Biashara ilikaa ndani ya ugeni. Katika safari ya kutwa ya siku hizi ugeni ndio uliowekwa ndani ya biashara, ukawa kipengele kimoja cha kifurushi, kati ya usafiri na chakula cha mchana. Tofauti hiyo ya nani yumo ndani ya nani ndiyo ninayoibishia, wala sijali kama fedha ilipita au haikupita.

Hoja ngumu zaidi dhidi yangu inatoka katika Maandiko yenyewe. Mfano mkuu wa ukarimu kwa Wayahudi, Wakristo na Waislamu ni Ibrahimu, na wageni wake maarufu walikuwa wa kutwa moja. Katika Mwanzo sura ya 18 ameketi mlangoni pa hema wakati wa joto la mchana, anawaona watu watatu, anapiga mbio kuwalaki, anawaletea maji ya miguu, anawapumzisha chini ya mti na kuwaandalia ndama. Hawalali. Wakimaliza kula na kusema yao wanaondoka kuelekea Sodoma. Jembe halikuwapo, siku ya tatu haikuwapo, na hakuna aliyewahi kusema ugeni huo ulipungukiwa. Kama siku ya tatu ingekuwa ni hesabu ya mapambazuko, mfano huu ungetosha kuivunja hoja yangu. Lakini soma kilichotendeka kabla hawajaondoka. Wageni wanauliza aliko mke wa mwenye nyumba, wanatoa habari ya mtoto atakayezaliwa, Sara anacheka ndani ya hema, na kicheko chake kinajibiwa. Kisha Ibrahimu anawasindikiza, na njiani ndipo anapoelezwa waendako na kwa sababu gani, akaanza hata kuibishia hukumu. Mchana mmoja ulibeba maulizo, majibu, mzaha na ubishi. Kila alichokuwa akikitafuta mwenye methali katika siku ya tatu kilipatikana kabla jua halijatua, kwa sababu wageni wale walikubali kuwa watu wa kuulizwa.

Qurani inaisimulia habari hiyo, katika sura ya Hud na katika Adh-Dhariyat, kwa tofauti moja inayonifaa zaidi. Ndama aliyebanikwa analetwa, wageni hawanyooshi mkono, na Ibrahimu anaingiwa na hofu. Kila mtu wa pwani anaielewa hofu hiyo bila kufafanuliwa, maana asiyeonja cha nyumbani kwako huenda amekuja na lake. Sasa, mtalii wa kutwa kwa kawaida ndiye huyo asiyekula. Chakula chake kimefungwa hotelini alfajiri, maji yake yamo kwenye chupa, na anakaa kwenye mwamba kula huku watoto wakimwangalia. Wakili wake atasema ni busara ya afya, na atasema kweli: tumbo lililozoea maji mengine huasi upesi, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kujilinda. Nakubali lote hilo. Wageni wa Ibrahimu nao walikuwa na sababu nzuri ya kutokula, kwani walikuwa malaika. Ila hawakuiacha hofu imkae mwenyeji wao. Walimwambia asiogope, wakasema wametumwa wapi na wamekuja na habari gani. Kwa hiyo kosa la mtalii haliko katika kukataa chakula. Liko katika kukikataa kimya, kupitia kwa mwongozaji, kana kwamba aliyekaribisha hana haki hata ya kuambiwa kwa nini. Kadhalika na kamera. Anayempiga picha mwanamke anayegeuza dagaa bila kumsemesha amechukua kitu na kukataa kuulizwa amekichukua cha nini. Angemuuliza, akakataliwa, akaishusha kamera, angekuwa mgeni zaidi kuliko angeipata picha.

Lipo pingamizi jingine, na wanaolisema ni marafiki wa visiwa, si maadui. Wanasema mtalii bora ni yule anayekaa mbali: asile, asiongee sana, asiulize maswali, asiingie nyumba za watu, alipe na kuondoka. Ukaribu wa watu wa mbali umewahi kuwaponza wenyeji. Mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama alipokelewa vizuri Malindi, na mwaka 1505 kikosi cha Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, kiliteka nyara mji wa Kilwa. Ziwani kwetu upo mfano ulio karibu zaidi. Mvumbuzi Stanley, alipokuwa akilizunguka ziwa kwa boti yake Lady Alice, alifika kisiwa cha Bumbire Aprili 1875 kutafuta chakula, akagombana na wenyeji waliomnyang'anya makasia, akaondoka kwa kufyatua risasi. Agosti akarudi na kikosi kikubwa, mitumbwi ikasimama mahali ambapo mishale haikufika, na bunduki zikawaua watu wengi waliokuwa wamepanga mstari ufukweni. Aliyaandika hayo mwenyewe magazetini, na Uingereza yenyewe wakapatikana waliochukizwa. Immanuel Kant, mwanafalsafa ambaye hakuwahi kusafiri mbali na Königsberg, alikuwa ameiona hatari hiyo miaka 80 kabla. Katika insha yake ya 1795 juu ya amani ya kudumu alisema kila binadamu ana haki ya kuzuru nchi ya mwingine bila kufanywa adui, kwa kuwa dunia ni duara na hatuwezi kutawanyika milele bila kukutana. Lakini haki hiyo haimpi kukaa, na akawashutumu Wazungu waliokuwa wakizuru nchi za watu kana kwamba kuzuru na kuteka ni jambo moja.

Basi si afadhali umbali? Nasema hapana, na Bumbire ndiyo sababu yangu. Stanley hakukosa umbali. Umbali ndio uliompa ushindi. Alisimama pale alipoweza kuwafikia watu bila wao kumfikia. Ubaya wa ziara ile ya Agosti ulikuwa kwamba upande mmoja ulikuwa na uwezo wa kutenda na upande wa pili haukuwa na uwezo wa kujibu. Simlinganishi mtalii mwenye kofia ya jua na mtu aliyeua, ingekuwa ni kumkosea adabu mmoja na kumpunguzia makosa mwingine. Nalinganisha mpango wa mahali. Ziara inayopangwa ili mzuru aone bila kuonwa, achukue bila kuulizwa, na aondoke kabla ya neno la mwenyeji kumfikia, imeweka boti pale pale nje ya masafa, hata kama safari hii kilichomo ni miwani ya kutazamia ndege. Wanaopendekeza mtalii akae kimya na mbali wanatibu jeraha la zamani kwa kuirudia sura yake.

Wengine watanijia kwa upande wa dini tena, waulize mwenyeji ni nani hasa. Mambo ya Walawi sura ya 25 inasema ardhi ni ya Mungu na wanadamu ni wapitaji tu juu yake. Na Rukuba yenyewe, kama visiwa vingi vya ziwa hili, ina wavuvi wanaohama: Wajita, Wakwaya, Waruri, Wakerewe, Wajaluo, wanaofuata samaki kutoka mwalo hadi mwalo. Ikiwa wote tunapita, kwa nini aliyefika mwaka jana amdai aliyefika leo? Najibu kwa kutazama wavuvi hao wanavyopokeana. Mvuvi anayehamia mwalo mgeni hujitambulisha, huandikishwa kwa kikundi cha usimamizi wa mwalo, maarufu kwa jina la BMU, huulizwa zana zake ili ijulikane kama ameleta kokoro, wavu haramu wa kukokota, na huanza kuvuta kamba pamoja na wenzake. Jembe lake ni kasia. Hajawa mzaliwa wa pale na huenda hatakuwa, lakini ziwa likichafuka ataitwa, na mwenzake akizama atatafuta naye. Kupita duniani kwa wote hakufuti tofauti kati ya anayepita huku akijibu na anayepita bila kujibu. Aya ile ya Walawi, tena, inamkumbusha mwenye shamba asijione mmiliki wa milele. Sioni vipi iwe hati ya mtu mwingine kuingia bila kubisha hodi.

Jacques Derrida, mwanafalsafa Mfaransa aliyezaliwa Algeria, angeniona mchoyo. Yeye alishikilia kwamba ukarimu wa kweli haumuulizi mgeni hata jina, na kwamba sharti lolote, liwe jembe au siku tatu, tayari limeuchafua. Kuna uzuri katika wazo hilo, na anayemfungulia mkimbizi usiku wa manane analitenda bila kulisoma. Lakini lilizaliwa kwa kumfikiria mgeni aliye dhaifu, anayegonga mlango wa mwenye nguvu. Rukuba mambo yamegeuka: anayegonga ana pasipoti inayomfikisha popote, na anayefungua hana uhakika kama boti ya wagonjwa itavuka akiugua usiku. Ukarimu usio na sharti, ukidaiwa kwa maskini kwa faida ya tajiri, haubaki kuwa ukarimu. Na hapa niseme wazi kwamba mwenyeji naye anaweza kuharibu ugeni. Anayempandishia mgeni bei mara tatu kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, au kuwapanga watoto wacheze ngoma wasiyoijua ili wapewe sarafu, amekubali kuwa kitu cha kutazamwa, na akishakubali hivyo ni vigumu kumdai mwenzake amtazame kama mtu.

Jembe la mgeni wa kutwa, basi, si lazima liwe kazi ya mkono, ingawa sioni ubaya akiombwa ashike upande mmoja wa turubai la dagaa wingu likitokea. Ni kujileta mwenyewe mbele ya watu: aketi kwanza kivulini pa mwenyekiti wa kijiji au mzee wa mwalo, aseme ametoka wapi na amefuata nini, aulizwe na ajibu, ale kidogo au aeleze kwa nini hali, aambiwe mahali pasipoingiwa, na jioni asindikizwe hadi kwenye boti na watu wanaojua jina lake. Robo saa mwanzoni na robo saa mwishoni. Nyerere ametukumbusha kwamba mgeni mwema huomba jembe kabla hajapewa, kwa hiyo haki ingetaka mtalii mwenyewe aulize. Lakini mtalii amefungwa katika ratiba aliyoinunua, na kwa sababu hiyo mzigo uwaangukie kwanza walioiuza ratiba. Wenye biashara watasema wateja hawatapenda, nusu saa ni nyingi katika siku ya saa sita, na boti itahamia kisiwa kingine. Ihame. Kant, pamoja na kutetea haki ya kila mtu kuzuru, aliwasifu Wachina na Wajapani wa wakati wake kwa kuwabana wageni wa Ulaya baada ya kuwajua, na hakuona kwamba anajipinga. Haki ya kuzuru ni haki ya kufika ufukweni na kujieleza bila kushambuliwa. Kuruhusiwa kupanda kutoka pale kwenda kwenye miamba ni uamuzi wa kijiji, na kijiji kisicho na njia ya kusema hapana hakiwezi kusemwa kimekaribisha mtu.